Tarantula Kibete Anapojihami: Mwongozo Kamili wa Kumsoma, Kumhudumia na Kumhamisha

Siku ya kwanza nilipofungua kasha la Neoholothele incei, mmoja wa tarantula (buibui wenye manyoya) walio wadogo, nilikuwa nimejiandaa kuumwa. Nilikuwa nimesoma habari za meno na za nywele zinazowasha, nikavaa glavu, nikashika kibano kirefu. Buibui hakuinua mguu wala hakuonyesha jino. Alipanda kibano, akapita juu ya glavu, akafika karibu na kiwiko changu, kisha akageuka na kurudi njia ile ile hadi ndani ya utando wake. Yote hayo yalikwisha kabla sijajua niseme nini. Hakuna aliyeumia, lakini ningeshtuka na kutikisa mkono, yule buibui angetupwa sakafuni na huenda tumbo lake lingepasuka.

Tangu hapo namwambia kila anayeanza: tarantula kibete hujilinda kwanza kwa mbio. Meno huja mwisho, baada ya njia nyingine zote kuzibwa, na mara nyingi anayeziziba njia hizo ni mfugaji mwenyewe. Ukijipanga kwa ajili ya mbio, unaweza kukaa naye miaka yote bila kuona meno yake yakifunguka kwa hasira. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Jua unamfuga nani

"Tarantula kibete" ni jina la wafugaji, si kundi rasmi la kisayansi. Tunawaita hivyo tarantula ambao wakikomaa upana wa miguu yao huwa takriban sentimita 5 hadi 10, na wengine hawafiki hata hapo. Chini ya jina hilo moja wamo buibui wenye silaha tofauti kabisa, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Utasikia ikisemwa kwamba tarantula wa mabara ya Amerika hurusha nywele, na wa Afrika na Asia hawarushi bali huuma. Nusu ya pili ni kweli kwa maana kwamba tarantula wa Afrika na Asia hawana kabisa nywele za kuwasha. Nusu ya kwanza si kweli kwa wote. Cyriocosmus elegans wa Trinidad na Venezuela, Hapalopus wa Kolombia wenye madoa meusi juu ya rangi ya chungwa, Davus pentaloris wa Meksiko na Guatemala, na Kochiana brunnipes wa Brazili wote wana nywele hizo tumboni. Lakini Neoholothele incei, anayetoka Trinidad na Venezuela vilevile, hana. Dolichothele diamantinensis, yule mdogo wa buluu inayong'aa kutoka Brazili aliyeelezwa kisayansi mwaka 2009, naye hana. Hawa wawili wamebaki na mambo matatu tu: utando, miguu na meno. Ndiyo maana hukimbia kupita kiasi, na ndiyo maana hufuma utando mwingi wenye njia nyingi za kutorokea.

Kisha wapo wa Afrika. Heterothele villosella anapatikana Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, na Heterothele gabonensis anatoka Gabon. Hawana nywele za kuwasha, ni wepesi, nao hujificha mapema wakiachiwa nafasi ya kufanya hivyo.

Angalia pia majina ya zamani. Neoholothele incei alikuwa akiitwa Holothele incei, na Dolichothele diamantinensis alikuwa Oligoxystre. Maelezo ya zamani bado yanatumia majina hayo, na ukiyakosa unaweza kusoma habari za buibui wako ukidhani ni za mwingine.

Hatua ya 2: Mpe mahali pa kukimbilia kabla hajapahitaji

Kama ungeniruhusu kukupa ushauri mmoja tu, ungekuwa huu. Buibui asiye na tundu anajiona yuko wazi saa zote, na kila unapofungua kifuniko anakuwa amekwisha kufika ukingoni mwa uvumilivu wake. Huyo ndiye utakayemsikia akiitwa "mkali". Mweke huyohuyo kwenye kasha lenye udongo wa kutosha na utashangaa ukali ulikwenda wapi.

Kwa vibete wengi weka udongo wenye kina cha sentimita 7 hadi 10, ulioshindiliwa kidogo na wenye unyevu kwa chini ili tundu lisibomoke. Udongo mkavu na mlegevu humwangukia anapochimba, naye hukata tamaa, akabaki kuzunguka juu. Anzisha tundu wewe mwenyewe kwa kidole au kalamu, pembeni, likiegemea ukuta wa kasha, kisha lifunike kwa kipande cha gome la mti kilichoinama. Mara nyingi atalikubali ndani ya siku chache na kuliendeleza kwa namna anayoijua yeye.

Kwa wanaofuma sana, kama Dolichothele na Neoholothele, tundu pekee halitoshi. Waongezee vijiti, majani makavu na vipande vya gome vya kushikizia nyuzi. Utando ukishaenea, wao hukimbilia ndani yake badala ya kukimbilia mkono wako. Kila unapofanya usafi, kata kidogo iwezekanavyo. Nimeona watu wakiondoa utando wote kwa sababu "umechafuka", halafu wakalalamika kwamba buibui amekuwa na wasiwasi. Umembomolea nyumba yake, wasiwasi ni haki yake.

Bakuli la maji liwe upande wa mbali na mdomo wa tundu. Ni jambo dogo, lakini litakuepusha kupeleka mkono mlangoni kwake kila wiki.

Matundu ya hewa nayo yaangalie kwa makini. Kipimo cha kufuata ni gamba gumu la kichwa na kifua, kwa kuwa tumbo hubonyea na miguu hupita popote. Ikiwa gamba hilo linaweza kupita, buibui mzima atapita. Watoto wa Cyriocosmus hutoka wakiwa na mwili wa milimita 2 au 3 tu, na tundu ulilotoboa kwa sindano nene linaweza kuwa lango kwao.

Mwisho wa hatua hii: weka kasha mahali pasipotikisika. Tarantula wana macho 8 lakini hawaoni vizuri. Dunia wanaisikia kwa nywele nyembamba za miguuni na kwa vipokezi vya mtikisiko. Rafu iliyo karibu na spika au mlango unaobamizwa humweka katika hali ya tahadhari mchana kutwa.

Hatua ya 3: Jifunze kumsoma kwa mpangilio

Kujihami kwake huenda kwa daraja, kutoka lisilomgharimu kitu hadi lile la hatari. Ukizijua daraja hizo utasimama mapema.

Kwanza huganda. Alikuwa anatembea, sasa ametulia kabisa, miguu imeshikamana na mwili. Wengi hudhani ametulia kwa kuwa hana hofu. Sivyo, amekusikia. Hapo ndipo pa kusubiri bila kutikisika kwa nusu dakika.

Pili, hukimbia. Kibete hukimbia kwa mkupuo mfupi, kisha hukwama. Hawana stamina ya mbio ndefu, na hilo litakusaidia baadaye.

Tatu, wenye nywele za kuwasha hugeuza tumbo kukuelekea, huliinua, na mguu mmoja au miwili ya nyuma huanza kusugua juu yake kwa kasi. Kwa kibete tendo hili ni la haraka na dogo, usipoangalia vizuri hutaliona. Utaligundua baadaye kwa upara unaoonekana juu ya tumbo. Nywele hizo hazioti tena hadi atakapojivua ngozi, kwa hiyo upara ni kumbukumbu nzuri sana: ukiona unapanuka mwezi hadi mwezi, kuna kitu kinamkera mara kwa mara nawe hujakijua.

Nne, huinuka. Miguu ya mbele na vipapasio (viungo viwili vifupi vilivyo karibu na mdomo) hupanda juu, mwili huegemea nyuma, meno hufunguka. Wengine hupiga chini kwa miguu ya mbele kama anayepiga kofi. Hiki ni kitisho, na kitisho kina maana ya kukuomba uondoke. Mtii. Rudisha kifuniko taratibu, njoo baadaye.

Tano, huuma. Ni wachache wanaofika hapa bila kushikwa, kubanwa au kuzuiwa tundu lao.

Kuna tendo jingine linalofanana na shambulio lakini si la kujihami: kudhani kidole chako ni chakula. Tofauti iko kwenye mwelekeo wa mwili. Anayejihami huinuka na kubaki alipo, au hurudi nyuma. Mwenye njaa hutoka mbele akiwa chini, na miguu yake huvuta kitu kukielekea kinywa. Ndiyo maana kabla ya kupeleka chochote ndani, mguse kwanza mguu wa nyuma kwa brashi laini ya kuchorea. Akirukia brashi, ana njaa. Akisogea mbele kuikwepa brashi, amekwisha kujua kwamba wewe si mende.

Hatua ya 4: Kufungua kifuniko

Vifaa vyako ni vinne: kibano kirefu chenye ncha laini, brashi ya kuchorea, kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, na kipande cha karatasi ngumu. Kikombe na karatasi viwe mezani kila mara, hata kama unaongeza maji tu. Siku utakayovihitaji hutakuwa na muda wa kuvitafuta.

Washa taa dakika chache kabla, asishtuliwe na mwanga na mkono kwa pamoja. Mtafute kwa macho ukiwa nje ya kasha. Usipomwona, chukulia yuko juu kabisa, chini ya kifuniko, kwa sababu vibete wengi hupenda kukaa pale usiku. Fungua upande ulio mbali na tundu, nafasi ndogo tu ya kupitisha kibano au bomba la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya maji. Usimpulizie pumzi. Upepo wa ghafla unagusa nywele zile zile zinazompa habari za adui, na pumzi moja inaweza kumtoa kwenye kuganda hadi mbio.

Mikono iende polepole na moja kwa moja. Kusitasita, kwenda na kurudi, humtia wasiwasi kuliko mwendo wa taratibu usiokatika.

Swali la kumshika mkononi nalijibu hapa: usimshike. Hapati faida yoyote, na kwa kibete hatari iko pande zote. Akianguka anaweza kupasuka tumbo, akikimbia hutampata tena.

Hatua ya 5: Kulisha

Hapa hapana mengi. Windo lisizidi ukubwa wa tumbo lake, na kwa watoto wachanga sana toa paja la nyenje au kipande cha funza wa unga kilichokwisha kufa. Liache karibu na tundu, usimsukumie usoni. Akilikataa kwa kuinua miguu, liondoe. Windo hai lililobaki linaweza kumla yeye anapojivua ngozi.

Hatua ya 6: Kumhamisha

Hapa ndipo hatari nyingi hukusanyika, kwa hiyo tuende taratibu.

Chagua saa yenye ubaridi, kwa kawaida asubuhi. Joto huongeza kasi yake kwa kiasi unachoweza kukiona kwa macho. Usimtie kwenye jokofu ili apooze, utamdhuru. Toa wanyama wengine chumbani, funga mlango, ziba nafasi iliyo chini yake kwa kitambaa. Weka makasha yote mawili ndani ya beseni kubwa la plastiki. Kumbuka kwamba beseni halimzuii, kwa sababu nyayo zake hushika hata plastiki laini. Linampa tu ukuta wa kupanda ambapo wewe utakuwa unamwona.

Usianze hadi umemwona. Nimesema hivyo mara moja, na nasema tena, kwa sababu ajali nyingi nilizosimuliwa zilianza na mtu aliyedhani buibui yuko kwenye tundu kumbe yuko upande wa ndani wa kifuniko alichokishika.

Kama yuko nje ya tundu, mfunike kwa kikombe taratibu, hakikisha hakuna mguu uliobanwa, pitisha karatasi chini yake, mpeleke kikombe kizima ndani ya kasha jipya. Inua ukingo wa kikombe upande unaoelekea tundu ulilomwandalia. Usimmwage. Mwache atoke.

Kama yuko ndani ya utando mnene, usimfukuze. Kata utando kwa mkasi kuzunguka lile bomba alimo, ziba ncha mbili kwa vidole vilivyovaa glavu nyembamba au kwa pamba, uhamishe bomba lote pamoja naye. Anafika nyumba mpya akiwa bado ndani ya kuta anazozifahamu, na mara nyingi hatoki hadi usiku.

Njia ninayoipenda kuliko zote, hasa kwa watoto, haina hata kukimbizana. Chukua kichupa anachoishi, kifungue, kilaze ndani ya kasha jipya lililokamilika, funga kasha, subiri. Inaweza kuchukua siku moja au wiki mbili. Atatoka mwenyewe akichagua saa yake, utaondoa kichupa. Wengi hawana subira ya njia hii. Mimi naona ndiyo yenye heshima zaidi kwa mnyama ambaye silaha yake kuu ni kuchagua pa kwenda.

Akilazimika kusukumwa, sukuma kwa brashi kwenye miguu ya nyuma, kwa mguso mmoja mmoja, huku mbele yake kukiwa na shimo lenye giza. Buibui aliye mbele ya giza huingia. Buibui aliye mbele ya ukuta mweupe hupanda mkono wako.

Baada ya hapo mwache bila chakula kwa takriban wiki moja, maji tu.

Hatua ya 7: Akitoka

Simama. Usimkimbilie wala usimpige kikombe kwa nguvu. Atakimbia, atakwama. Hapo alipokwama mfunike polepole kutoka juu. Akiwa mwilini mwako, kaa kimya, teremsha mkono ndani ya beseni, mpe njia ya kushuka kwa kumgusa nyuma kwa brashi.

Akipotea kabisa, funga chumba, mtafute usiku kwa tochi kando ya kuta, nyuma ya fanicha, na popote penye unyevu na giza. Weka chini kipande cha gome la mti chenye udongo wenye unyevu karibu na ukuta. Mara nyingi huenda kujificha hapo.

Hatua ya 8: Nywele na jino

Nywele zikikupata, huwasha kama upupu, na kwa wengine vipele hudumu siku kadhaa. Usikune. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi na uuvute, rudia kwa utepe mpya mara chache, kisha osha kwa maji baridi na sabuni. Nguo ulizovaa zifue peke yake. Kumbuka kwamba nywele hukaa pia kwenye udongo, na baadhi ya spishi huzitandaza kwenye utando wanaolalia wakati wa kujivua ngozi. Unaweza kuwashwa na kasha ambalo buibui wake hakukurushia kitu.

Jicho ni jambo zito. Nywele hizo zina miiba midogo na zinaweza kuingia kwenye konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) zikaendelea kupenya. Usifikiche hata kidogo. Suuza kwa maji safi mengi, nenda kwa daktari wa macho, na mwambie waziwazi kwamba ni nywele za tarantula, kwa sababu bila darubini yake hataziona. Hii ndiyo sababu sipeleki uso juu ya kasha lililo wazi.

Akikuuma, kwanza mrudishe salama bila kumtupa. Osha jeraha kwa sabuni na maji, weka kitu cha baridi, tulia. Kwa vibete wa mabara ya Amerika watu wengi hulinganisha maumivu na kuumwa na nyigu. Usikate wala usinyonye jeraha. Nenda hospitali mara moja ukipata shida ya kupumua, uvimbe wa uso au mdomo, kizunguzungu, au misuli ikianza kukaza mbali na pale ulipoumwa.

Tabia ikibadilika ghafla

Kibete aliyekuwa mtulivu akaanza kuinuka kila unapofungua ana sababu. Anza na ngozi: kama tumbo limenenepa, upara wake umegeuka mweusi, na anakataa chakula, anakaribia kujivua. Mwache kabisa. Baada ya kujivua, meno yake huwa meupe na laini, kisha mekundu, kisha meusi. Usimpe windo hadi yawe meusi, kwa kibete mdogo siku 5 hadi 7 na kwa mkubwa zaidi ya hapo.

Jike mwenye kifuko cha mayai hatakimbia kama zamani. Hiki ndicho kipindi pekee ambapo ile kanuni ya mbio hugeuka: amebeba kitu asichoweza kukiacha, kwa hiyo atasimama na kupigana. Dume aliyekomaa naye huzunguka usiku kucha akitafuta jike na hujitokeza kila unapofungua, hata kama tundu lake ni zuri. Si kwamba umekosea.

Angalia mwisho namna anavyokunja miguu. Buibui aliyeogopa huivuta juu na kufunika uso kwa magoti, akiwa bado amesimama juu ya nyayo zake. Huyo mwache gizani, atafunguka. Lakini miguu ikijikunja chini ya mwili kama vidole vya ngumi, shinikizo la maji mwilini, ambalo ndilo hunyoosha miguu ya tarantula, limeshuka. Hapo hajihami tena, anakufa kwa kiu au kwa ugonjwa. Mweke mara moja kwenye chombo kidogo chenye unyevu, na umlaze mdomo wake ukigusa ukingo wa maji kidogo, tumbo likiwa pakavu ili mapafu yake yaliyo chini ya tumbo yasizame.